Neno Lililouzwa Pasipo Kuonwa



Mwezi uliopita, baada ya ibada, baadhi yetu tulio wafugaji wa nyuki hapa Mwera tuliketi chini ya mwembe tukishauriana juu ya jambo lililotutia mashaka. Lilionekana dogo, maana lilikuwa habari ya mizinga na fedha. Lakini tulipolichimbua tuliona lina mizizi mirefu. Twaliandika hapa kwa kuwa twadhani ndugu wengi watajaribiwa kwa jambo lilo hilo, kama si kwa mizinga, basi kwa nguo, au mbegu, au taa ya umeme wa jua.

Habari yenyewe ni hii. Tulichanga fedha, tukanunua mizinga 12 katika soko la mtandaoni, mahali ambapo mwuzaji huonyesha picha ya mali yake, na mnunuzi hulipa kwa simu asimwone mwuzaji wala mali. Mizinga ilikuwa ya viunzi, yaani masanduku yenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu, ambavyo nyuki huning'iniza masega yao chini yake. Ilisafiri kwa gari, ikavushwa mto Pangani, ikatufikia salama. Ilikuwa mizuri kutazama. Tukaipaka nta iwe chambo, tukaitundika, tukangoja. Nyuki wakaingia katika mizinga 7.

Baada ya majuma 6 tulifungua, tukaona masega yamejengwa mshazari, yameunganisha viunzi viwili na vitatu pamoja, hata haikuwezekana kuinua kimoja pasipo kubomoa vingine. Tukachukua rula. Kiunzi cha nyuki wa Afrika hupaswa kuwa na upana wa milimita 32, maana hiyo ndiyo nafasi wanayoitaka wao wenyewe toka katikati ya sega moja hata katikati ya sega la pili. Na tangazo la mwuzaji lilisema milimita 32. Viunzi vyetu vilikuwa na milimita 40. Nyuki hawakukosa, aliyekosa ni seremala.

Tulimwandikia mwuzaji. Akajibu kwa upole kwamba sharti lake ni siku 7 tangu mali kupokelewa, na kwamba mizinga iliyokwisha kuingiwa na nyuki hairudishwi. Ndipo mwenzetu mmoja, mtu mwema asiye na sifa ya hila, akasema: “Basi, ndugu zangu, tuandike kwamba mzigo ulichelewa njiani, umefika juzi tu. Fedha ni zetu kwa haki. Uongo huu haumwibii mtu. Unaturudishia kilicho chetu.” Wengine wakaitikia. Wengine wakanyamaza, nasi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa walionyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikotusukuma kuandika.

Basi maswali ni mawili. La kwanza: je, tulikuwa na haki ya kudai? La pili: kama tulikuwa nayo, je, yafaa kuipata kwa uongo?

Tuanze na la kwanza. Sokoni mtu akitaka asali huonja kwanza. Huchovya kidole, hutazama kama ni nzito, hunusa kama imeanza kuchacha. Akitaka jembe huligonga asikie mlio wake. Jicho, mkono na ulimi ni mashahidi watatu wa mnunuzi. Naye akiisha kuwauliza hao, akalipa, hana mengi ya kulalamika. Lakini anunuaye kwa picha hana shahidi hata mmoja. Kwake yeye, kufungua mzigo ndiko kuonja. Kwa hiyo haki ya kurudisha mali si fadhila ya mwuzaji, wala si chambo cha kuvuta wateja. Ni jicho la mnunuzi lililochelewa kufika. Mwuzaji akilikataa jicho hilo, ni kana kwamba amemfunga mtu kitambaa usoni kabla ya kumwuzia.

Watu wa pwani hii wameijua tangu zamani taabu ya kuagiza kitu cha mbali. Huko Kikogwe, karibu na Pangani, ndiko mkonge ulikopandwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliletewa miche kutoka Florida, Marekani, kwa njia ya Hamburg. Iliyotumwa ilikuwa 1,000. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka katika hiyo 62 yalitokea mashamba makubwa ya Tanga. Mfano huu watufundisha kupambanua. Yako madhara ya njiani, ambayo yawapasa watu kupatana mapema ni nani atakayeyachukua. Iko ila, yaani kasoro, ionekanayo mara mzigo ufunguliwapo. Tena iko ila iliyojificha, isiyojulikana mpaka mali itumiwe.

Ila ya namna hii ya tatu ndiyo yenye ugomvi mwingi. Warumi wa kale waliamuru kwamba auzaye mnyama sokoni atangaze ila zake, tena mnunuzi alipewa miezi 6 ya kumrudisha, maana walijua kwamba ugonjwa hauonekani siku ya kuuza. Jirani zetu Waislamu wana katika fikihi yao mlango wa hiari: aliyenunua kitu, kisha akagundua ila iliyokuwamo tangu kwa mwuzaji, ana hiari ya kukirudisha. Na sheria ya nchi yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, yasema kwamba mtu aliyepelekewa mali asiyoikagua kwanza hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Watu wa dini na zama mbalimbali wamekutana hapa katika neno moja: kipimo cha haki si hesabu ya siku peke yake, bali ni kama ila ile ingaliweza kuonekana katika siku hizo.

Lakini tusijipendelee. Mwuzaji naye ana sababu zake. Mzinga uliokaliwa na nyuki waweza kubeba maradhi. Katika nchi nyingi uko ugonjwa wa kuoza kwa mabuu, ambao mbegu zake hukaa katika mbao miaka mingi zikingoja kundi jipya. Mwuzaji akiupokea mzinga wetu na kumwuzia mwingine, aweza kumpelekea msiba pamoja na mbao. Tena tungalipima siku ya kwanza, tungaliona. Milimita 8 si kitu cha kufichika mbele ya mwenye rula. Zilifichika kwa sababu sisi tulitazama rangi. Basi haki yetu ilikuwapo, ila haikuwa kubwa kama tulivyoitangaza chini ya mwembe. Hatukuwa na haki ya kurudisha masanduku yenye nyuki na kudai fedha zote. Tulikuwa na haki ya kupata viunzi vya kipimo kilichotangazwa, au sehemu ya bei.

Sasa la pili, nalo ndilo zito. Mwenzetu alisema kwamba uongo ule haumwibii mtu. Tufikiri mwuzaji anasimama mahali gani. Yeye haoni uso wetu. Hajui mzigo ulifika lini, wala kama sanduku lilipasuka njiani au lilianguka mikononi mwetu. Alilo nalo ni neno letu tu. Sisi tulinunua mali yake pasipo kuiona. Naye, akirudisha fedha, ananunua neno letu pasipo kuliona. Ikiwa twamlaumu kwa kutuuzia milimita 40 kwa jina la 32, tutasema nini sisi tukimwuzia majuma 6 kwa jina la siku 2? Uongo wetu ungekuwa mali yenye ila iliyojificha, tena ila tuliyoijua wenyewe, hali seremala yule labda hakujua yake.

Wala si kweli kwamba haumwibii mtu. Mwuzaji akidanganywa mara tatu hufanya nini? Hupunguza siku za kurudisha, au huongeza bei, au huacha kusadiki barua zote. Atakayelipa ni mama mmoja wa Mkwaja au wa Handeni, ambaye kesho ataletewa kofia yenye wavu uliotoboka, aseme kweli, asisadikiwe. Kweli yake itakuwa imekwisha kutumiwa na sisi.

Tulipokuwa tukinena hayo, ndugu mwingine aliinamisha kichwa. Akatuambia kwamba mwaka jana alinunua bomba la moshi, akalitumia siku 4 za kurina asali, kisha akalisugua masizi, akalirudisha siku ya 6 akisema halikumpendeza. Akapewa fedha zake zote. Siku ile aliona kuwa ni werevu. Sharti la siku 7 hakulivunja hata kidogo. Lakini alikuwa amekodi bomba pasipo kulipa kodi, na bomba lililokwisha kutumika likarudi dukani kwa jina la bomba jipya.

Twaomba msomaji alinganishe mambo haya mawili. Sisi siku zilikuwa zimetupita, na haki ilikuwapo. Yeye siku alikuwa nazo, na haki haikuwapo. Basi sharti la siku ni ua tu, huwekwa ili watu wasigombane kila asubuhi. Shamba lenyewe ni kweli. Mtu aweza kukaa ndani ya ua na kuiba, tena aweza kusimama nje yake na kudai kilicho chake. Lakini aliye nje akitaka kuingia, yampasa kubisha hodi na kusema yeye ni nani, asivunje ua usiku.

Martin Luther, alipoifafanua amri ya saba katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba wizi si kuvunja sanduku la mtu tu, bali upo pia sokoni, kwa mali mbovu, kwa vipimo vya uongo na kwa hila. Nasi tumezoea kuisikia amri hiyo huku tukiwatazama wauzaji. Yatupasa kuisikia pia tukijitazama sisi tununuao.

Na wanaofuga nyuki wakumbuke habari iliyo katika Mwanzo, mlango wa 43, maana humo asali na fedha za kurudishwa zimo katika mzigo mmoja. Wana wa Yakobo walikuwa wamenunua nafaka Misri, wakaikuta fedha yao imo vinywani mwa magunia. Hakuna mtu aliyewadai. Walakini mzee aliwaagiza waichukue fedha ile wairudishe, pamoja na nyingine ya kununulia, kwa kuwa labda palikuwa na kosa. Tena wachukue zawadi, na asali kidogo. Ilikuwa wakati wa njaa, na fedha ilikuwa mikononi mwao. Mzee yule hakuuliza kama siku za kudai zimekwisha.

Basi tuliandika barua ya pili. Tulitaja siku hasa mzigo ulipofika. Tulikiri kwamba hatukupima. Tulituma picha ya rula iliyowekwa juu ya kiunzi, tukaomba viunzi tu. Mwuzaji alikubali kutuma viunzi vya mizinga 7 yenye nyuki, nauli ikiwa juu yetu. Vya mizinga 5 iliyo tupu alikataa. Hivyo twavipunguza wenyewe kwa msumeno na randa. Hasara iliyobaki ni yetu, nasi twaiona, maana fedha zile zilikuwa za mchango na wengine walitoa kwa shida. Hatusemi kwamba kusema kweli kumetupatia faida. Twasema kwamba barua ile twaweza kuisoma mbele ya watoto wetu.

Yule ndugu wa bomba la moshi bado anafikiri ampelekee mwuzaji wake bei yote, au ujira wa siku 4. Sisi twaona ujira watosha, mradi uende pamoja na maelezo ya kweli. Maana dawa ya deni ni kulipa, hata kama mwenye kudai hajui kwamba anadai.

Kwa walimu wa katekisimu na wote wenye vikundi, twaongeza maneno machache ya kazi. Kabla ya kulipa, someni sharti la kurudisha, na kama halipo, ulizeni. Siku mzigo ufikapo, andikeni tarehe, fungueni mbele ya shahidi, pigeni picha, pimeni kila kitu kwa rula kabla ya kukipaka nta. Mkiona ila, semeni siku hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wala msirudishe kilichokwisha kutumika kana kwamba hakikuguswa.

Na ikitokea, ndugu, kwamba mmedhulumiwa na siku zimekwisha pita, dairini kwa sauti wazi na kwa tarehe ya kweli. Huenda mkakosa fedha. Lakini siku nyingine mtakapoandika, neno lenu litakuwa lingali na kipimo chake.