Gyendi: Je, Aliyeumia Ajisemee Mwenyewe?

Kiswahili cha mahakamani kina neno moja, kujitetea, tunalolitumia kwa watu wawili wasiofanana. Mshtakiwa asiye na wakili hujitetea. Majeruhi wa ajali anayedai fidia bila wakili naye tunasema anajitetea, ingawa hakuna aliyemshtaki. Yeye ndiye aliyegongwa. Sidhani kwamba huu ni uzembe wa lugha tu. Mtu huyo huenda kudai, na baada ya maswali mawili matatu hujikuta anajibu mashtaka: kwa nini alivuka pale, kwa nini alichelewa kwenda hospitali, na kama kweli bado anaumwa.

Ninauliza basi: je, ni haki kumwachia aliyeumia kazi ya kuyathibitisha maumivu yake mwenyewe? Wenzetu wa kitivo cha sheria watasema swali limekwisha kujibiwa, kwa kuwa kanuni za mashauri ya madai nchini Uganda zinamruhusu mtu kufika mahakamani mwenyewe, bila wakili. Ni kweli. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja, na kuweza ni jambo jingine.

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu wa hapa Ggaba, mama anayeuza mukene (dagaa, kwa wasomaji wa pwani), kwenda kwenye ofisi ya kampuni moja ya bima. Gari lilimgonga kando ya barabara akiwa na beseni kichwani, likamvunja mguu. Makaratasi yote alikuwa nayo: ripoti ya polisi, fomu ya daktari, risiti za dawa. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Akamwamkia, "Oli otya, nnyabo?" Mama akajibu kama alivyolelewa kujibu: "Gyendi, ssebo." Nipo, sijambo. Akaulizwa mguu unaendeleaje, akasema tunamshukuru Mungu, sasa natembea. Kijana akaandika.

Hakuna uongo hapo. Mama anatembea. Ila hawezi kusimama kwenye meza yake ya soko saa nzima, na beseni halibebi tena. Tulipotoka nikamuuliza mbona hakuyasema hayo. Akaniambia, "Mwanangu, kijana wa watu kaniamkia vizuri, nitaanzaje kumlalamikia?" Karatasi aliyopewa atie saini ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilisema kwamba akishapokea fedha hizo hatadai tena kitu chochote. Aliikunja akaitia mkobani. Mpaka leo hajaisaini, na muda wa kufungua kesi ya madhara ya mwili, miaka 3 kwa sheria yetu, unazidi kupungua.

Kwangu mimi, tatizo zima limo katika neno lile gyendi. Waswahili tuna sijambo, nalo hufanya kazi hiyohiyo: mgonjwa kitandani huulizwa hali, akajibu nzuri, kisha ndipo aeleze. Adabu yetu inamtaka mtu ajipunguzie shida mbele ya mgeni, ilhali madai yanamtaka aiongeze sauti. Anayejisemea mwenyewe hulazimika kuchagua kati ya kuwa mtu mstaarabu na kulipwa. Wakili hana mtihani huo. Anaweza kudai bila haya kwa sababu hadai chake, na nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya thamani yake kuliko hata ujuzi wa vifungu.

Basi apate wakili? Sheria ya bima ya magari ya mwaka 1989 inamlazimu kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine, lakini ikaweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa majeruhi mmoja. Fedha hiyo haifiki ada ya muhula ya wengi wetu tunaojilipia. Anaweza kumshtaki mwenye gari kwa zaidi ya hapo, ila wakili atataka malipo ya kuanzia, kwa kuwa maadili ya kazi yake hayamruhusu kukubaliana na mteja wagawane fidia. Katazo hilo lina sababu nzuri: wakili asifanye biashara ya mguu wa mtu. Asiye na kitu ndiye anayeligharamia.

Athene ya kale ilijaribu njia nyingine. Kila mdai alitakiwa kusimama na kusema mwenyewe. Ikaonekana ni usawa, kumbe wenye fedha walikuwa wakinunua hotuba kutoka kwa waandishi kama Lysias na kuzikariri. Sisi tuna utaratibu wa madai madogo uliowekwa mwaka 2011, wa hadi shilingi milioni 10, ambao hauruhusu wakili wa upande wowote. Huo naupenda, maana kila mmoja anaacha silaha mlangoni. Lakini ni wa madeni, bidhaa na kodi ya nyumba. Jirani yangu anaweza kumpeleka huko mteja aliyekula mukene wake bila kulipa, asiweze kumpeleka dereva aliyemvunja mguu. Na akienda kwenye mahakama ya kawaida, lugha ni Kiingereza, ingawa tangu 2005 Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wahenga walisema. Walisema pia kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali ya kwanza inatutaka tumsikilize aliyeumia, ya pili inatutahadharisha naye. Ninachoshangaa ni kwamba hii ya pili huelekezwa kwa majeruhi peke yake, kana kwamba kampuni nayo haivuti ngozi.

Maoni yangu ni kwamba mzigo wa kuuliza vizuri ni wa anayesikiliza. Badala ya "unaendeleaje?", kijana yule angeuliza: "Kazi gani ulikuwa ukiifanya kabla ya ajali ambayo sasa huiwezi?" Nimepingwa darasani kwamba hapo kampuni itakuwa wakili wa mpinzani wake. Ningekubali kama bima hii ingekuwa biashara ya hiari. Haiko hivyo. Dola ndiyo inayowalazimisha wenye magari wailipie kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu, kwa hiyo anayeishika fedha hiyo ameshika amana, na mwenye amana hakai kimya akisubiri mwenyewe ajikwae katika maneno. Ibara ya 126 ya Katiba inawaagiza mahakimu kuwapa fidia ya kutosha waliokosewa, bila kufungwa mno na taratibu. Meza ya bima iko kabla ya mahakama, na wengi huishia hapo.

Mwenzangu mmoja alisema mama angechechemea zaidi kidogo, mambo yangekwisha. Labda. Lakini hapo tungekuwa tumempa kazi ya tatu: ameumia, ameomba, sasa aigize. Na yule atakayemfuata foleni, anayechechemea kweli, atatazamwa kwa jicho gani?