Kichefuchefu kisichoisha: je, ni jirani?



Hapa Ndosho, mtu akishikwa na kichefuchefu majuma mengi, akakataa bugali, akakonda, neno la kwanza linalosikika mlangoni pake ni karuho. Kesho yake jina la jirani limekwisha kutajwa, mara nyingi mama mjane asiye na wa kumtetea. Kwa neno kama hilo watu wamepigwa katika Kivu yetu, wengine wakafa.

Vitambaa vya Paulo vilipelekwa kwa wagonjwa, nao wakapona (Matendo 19:12). Lakini Timoteo alipoteswa na tumbo, someni 1 Timoteo 5:23: Paulo hakutafuta mchawi, aliangalia kile kijana anachokunywa. Akamshauri aache maji matupu, atumie divai kidogo. (Wapenda pombe wasishangilie, ni kidogo.)

Sisi nasi tuangalie. Mama wa umri wa kuzaa apimwe mimba kwanza. Anayemeza ibuprofeni au diklofenaki za sokoni bila kula, tumbo lake linachubuka. Kama nyumba nzima inaamka na kichwa kuuma na kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, ulizeni kama makala iliwaka usiku milango ikiwa imefungwa. Hewa ile inaua. Kuna amiba, malaria, ini, figo, sukari.

Kuna pia mdudu wa tumbo aitwaye helikobakta. Zamani waganga wenyewe walisema vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo mengi. Mwaka 1984 munganga Barry Marshall wa Australia alikunywa wadudu hao kusudi. Baada ya siku chache akashikwa na kichefuchefu, akatapika. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Leo mdudu huyo anapimwa kwa choo au kwa pumzi, na dawa zake humezwa kama siku 14. Adui alikuwa ndani ya tumbo, hakuwa ng'ambo ya ua.

Mtaniuliza: na maono? 1 Wakorintho 14:29 inataka nabii aseme na wengine wapime. Ono linalotaja jina la mtu lipelekwe kwa wazee, lisitangazwe barabarani.

Sumu ya kweli ipo, lakini hiyo pia ni kazi ya munganga. Msimtapishe mgonjwa kwa majani, atazidi kukaukiwa na maji. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami au macho ya manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tutaomba njiani.