Uzuie Mkono Wako, Mwanangu

Mwanangu uliye Lusail, Qatar, kaa hapa kidogo unisikilize. Nimesikia una mbwa. Wengine wenu mmemnunua kwa fedha zenu, wengine mmekabidhiwa mbwa wa bosi pamoja na funguo za nyumba. Kwangu ni mamoja. Anayejaza bakuli ndiye mwenye mbwa, na maneno haya ni yake.

Sitaingia kwenye habari ya mbwa kukaa ndani au kutokaa. Hayo waulize mashekhe. Lakini sisi wa pwani tulisomeshwa chuoni habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Alimpa alichokihitaji, maji. Hakumpa halua. Lishike hilo, mwanangu.

Ninayoyaona kwenye hayo maghorofa ya Marina na Fox Hills yananitia hofu. Mbwa anashuka kwa lifti, hajafika nje tayari anahema. Mgongo bapa, tumbo linaning'inia, hatua chache tu keshaketi. Na mwenyewe anacheka, anasema, "Huyu mtoto wa raha." Mwanangu, hiyo si raha. Huo ni mzigo, naye hana pa kuutua.

Watazame wenyeji wa nchi hiyo. Saluki wao, mbwa wa kuwindia sungura na swala tangu enzi za mababu, mpaka leo wanashindanishwa mbio kwenye tamasha la Marmi huko Sealine. Kiuno kimeingia ndani, mbavu zinahesabika, na hakuna anayesema wananyimwa chakula. Sisemi wa kwako awe Saluki. Nasema watu waliojua mbwa kwa karne nyingi hawapimi mapenzi kwa unene.

Basi mshike wa kwako leo hii. Pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Mbavu zikigusika kama mifupa ya mgongo wa mkono wako uliokunjuliwa, mshukuru Mungu. Ikibidi uzitafute chini ya nyama laini, amezidi. Kisha msimamie juu umtazame: kiuno kionekane nyuma ya mbavu. Madaktari wa wanyama wana kipimo chao cha 1 hadi 9, na uzito mwema kwa mbwa wengi ni 4 au 5. Mwulize daktari wako mbwa wako yuko wapi, na jibu likikuuma, livumilie.

Kwa nini nakuhangaikia hivi? Kwa sababu Lusail si Lushoto, mwanangu.

Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, serikali ya Qatar inakataza kazi za juani tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Hao ni watu wazima, wenye nguvu zao, na bado wanaonewa huruma. Mbwa amevaa manyoya. Ngozi yake haitoi jasho la kumpoza. Anapoa kwa kuhema. Mafuta yakimjaa shingoni na kifuani, pumzi inabanwa na joto linabaki ndani. Mbwa mnene, tena wa pua fupi kama Pug au Bulldog, aweza kuanguka katika matembezi ambayo mwembamba angeyamaliza vizuri. Wengine wakianguka hawaamki.

Kwa hiyo miezi hiyo yote mbwa anashinda kwenye kiyoyozi, kati ya sofa na bakuli. Matembezi yamepungua, bakuli limebaki vilevile. Hapo ndipo unene unapoingilia. Jua likimzuia mbwa kutembea, mkono wako nao lazima uzuiwe kulisha. Na kama amehasiwa, mahitaji yake yameshuka zaidi, ingawa hamu yake haikushuka.

Najua utanijibu: "Babu, mimi nampa bakuli moja tu asubuhi na moja jioni." Nakuamini. Sizungumzii bakuli peke yake. Nazungumzia kile kipande cha jibini ukitengeneza mkate, ile biskuti akikaa ukimwambia kaa, ile ngozi ya kuku anayoangushiwa chini ya meza. Kipande ni chepesi mkononi, kizito gotini.

Tuhesabu pamoja. Mbwa wa kilo 5 aliyehasiwa, anayeishi ndani, hutosheka na kalori kama 300 kwa siku. Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi, yaani kalori 30. Tende moja kubwa ya Medjool ina kalori zipatazo 65. Umempa moja tu, kwa moyo mweupe, na tayari umempa vitafunio vya siku mbili. Na kokwa lake laweza kumkaba au kumziba utumbo.

Ramadhani ndiyo ninayoihofia zaidi. Sinia la wali wa machbus limebaki, luqaimat, yaani kaimati, zimebaki, na mbwa anakodoa macho. Nakusihi, usimpe. Luqaimat ni sukari na mafuta. Kitunguu cha kwenye machbus huharibu damu ya mbwa, zabibu huweza kuua figo zake, na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka kama vigae tumboni. Mafuta mengi kwa mkupuo huweza kuwasha kongosho, na hayo ni maumivu ya kulala hospitali. Masalio mpe binadamu mwenye njaa. Hapo Doha hawakosekani.

Utasema, "Lakini ananitazama kwa huruma." Jicho la mbwa halijui saa ya kula, mwanangu. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba karibu robo ya mbwa wa Labrador wana hitilafu katika jeni moja inayowafanya watamani chakula kuliko wenzao. Mbwa wa namna hiyo atakulilia hata akitoka kula sasa hivi. Ukimfuata yeye, nani atamwongoza mwenzake?

Halafu kuna jambo la mikono mingi. Asubuhi baba kamlisha, mchana dada wa kazi kamwonea huruma, jioni watoto wamegawana naye keki, usiku dereva kampa mshikaki. Kila mmoja ametoa kidogo, na kila mmoja anaapa si yeye. Mbwa wa mikono mingi hana mlezi.

Sikiliza sasa mwisho wa njia hiyo, maana mimi nimeona inakofika. Magoti na nyonga huanza kuuma, na akiumwa hatembei, na asipotembea ananenepa zaidi. Mbwa wadogo kama Pomeranian koo lao la hewa hulegea wakakohoa usiku kucha. Wengine hupata kisukari, ukawa mtu wa sindano kila siku. Anayelisha bila kupima hulipa bila kuhesabu.

Na uhai wenyewe hupungua. Huko Marekani Labrador 48 walifuatiliwa tangu wakiwa wadogo hadi kufa, wawili wawili. Mmoja akapewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Waliokula kidogo waliishi kwa wastani miaka 13, waliokula zaidi miaka 11 na miezi kidogo. Karibu miaka miwili, mwanangu! Na maradhi ya viungo yaliwachelewa waliokula kidogo. Hakuna duka litakalokuuzia miaka miwili hiyo. Iko kwenye kipimo cha chakula.

Basi fanya hivi, nakuomba.

Nunua mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya: leo kimejaa, kesho kimefurika. Pima kwa gramu, kwa uzito ambao mbwa anatakiwa kuwa nao, siyo huu alio nao sasa. Daktari atakutajia kiasi.

Kila asubuhi tia chakula chote cha siku kwenye kopo moja. Ukitaka kumtuza, mtuze kwa punje kutoka kopo hilohilo. Kila mtu nyumbani achote humo. Kopo likiisha, siku imeisha. Hakuna ugomvi tena wa nani kampa nini.

Akitaka cha kutafuna, mpe kipande cha karoti au tango. Na sifa nazo ni zawadi: msugue shingo, mrushie mpira koridoni, mfiche punje zake chumbani azitafute kwa pua. Mtembeze kabla jua halijachomoza na baada ya Magharibi, na uguse lami kwa kiganja kabla hajaikanyaga. Mvivu wa kutembea ndiye mkarimu wa kulisha, usiwe yeye.

Akiwa amenenepa tayari, usimtie njaa kwa hasira. Anza kwa daktari, ahakikishe hakuna maradhi mengine. Kisha apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Mbwa wa kilo 40 ni gramu 400 hadi 800, basi. Mpime kila baada ya wiki mbili, uandike. Haraka humvunja misuli, subira humrudishia mbio.

Na wewe binti yangu unayemtunza mbwa wa madam, najua shida yako. Mbwa akinenepa utalaumiwa, akipungua utaulizwa kama unamnyima. Usikae kimya ukabeba lawama. Mwendee madam kwa adabu, mwambie, "Madam, naomba daktari aandike kipimo chake, nami nitakifuata." Karatasi ya daktari ibandike juu ya friji. Kuanzia hapo yanayosema ni maandishi, siyo wewe.

Nanyi mnaokaa kwa mkataba, kumbukeni mkataba huisha. Ndege hupima mbwa pamoja na tundu lake, na mbwa mnene asiyeweza kupumua vizuri ni mgumu kusafirishwa. Wapo wanaoachwa nyuma, barabarani, kwenye joto lile. Msimnenepeshe kiumbe mkaja kumtupa.

Wanangu, sijawaambia mumpende mbwa pungufu. Nimewaambia mkono uwe na kipimo. Yeye hawezi kufungua friji, hawezi kusoma pakiti, hawezi kusema "nimetosheka." Kila gramu iliyo mwilini mwake imepita mikononi mwenu.

Leo jioni, kabla ya bakuli, mpapase mbavu. Kisha pima chakula chake. Fanya hivyo na kesho, na kesho kutwa. Nakuomba, mwanangu: uzuie mkono wako, mbwa aishi.