Na Wasio na Faida?

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu tuliwahi kusahihisha andalio la somo juu ya kombe wa baharini. Mwanachuo aliorodhesha faida zao: chakula, mapambo, biashara. Chini akaongeza swali: “Na wasio na faida wapo kwa ajili ya nani?” Tukalikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni, “Nje ya somo.” Tangu tustaafu, swali hilo halituachi.

Jamii ya kombe wa Venus peke yake ina aina zaidi ya 500 zilizo hai. Wote wana magamba mawili yaliyoungana kwa bawaba, na walio wengi hujifukia mchangani, wakivuta maji kwa mirija ili kuchuja chakula. Kama maisha ni hayo tu, aina moja isingetosha? Lakini huyu ana matuta, yule ni laini kama kigae, mwingine ana miiba. Pwani yetu yumo mwenye alama kama mwandiko. Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alimwita literata mwaka 1758. Sisi walimu twampenda huyo, ingawa hasomeki!

Mwaka huo huo Linnaeus alimpa kombe mmoja wa Amerika ya Kaskazini jina la mercenaria, lenye maana ya ujira, kwa kuwa gamba lake lilichongwa shanga. Kwa wenyeji shanga hizo zilikuwa za heshima na mapatano. Walowezi wa karne ya 17 wakazifanya fedha. Fedha hiyo ilikwisha zamani. Kombe yupo bado mchangani, na jina la ujira analo.

Lakini tusiseme kwa wepesi. Mwaka 1983 kombe wa Ufilipino, mwenye asili ya bahari za Asia, aliingizwa katika maji ya kina kifupi yanayouzunguka mji wa Venice, Italia, kwa sababu hukua upesi kuliko yule wa huko. Wavuvi wakapata riziki. Yule mwenyeji akapungua, na zana za kukokota zikaichimbua sakafu ya maji. Mlaji mezani hakuona pengo lolote. Je, yuko aliyedhulumiwa? Kama tungekuwa majirani wa wavuvi wale, tusingethubutu kuwaambia waache.

Wengine hutuliza dhamiri kwa kusema kombe wote wanafaa, maana husafisha maji. Ni kweli, ila jibu hilo laongeza tu mstari mmoja katika orodha ile ile ya faida. Mwanachuo hakuuliza kombe anatufaa nini. Kwa fikira zetu za leo, kombe aweza kuwapo kwa ajili yake mwenyewe mbele ya Muumba wake, nasi tukawa na deni kwake hata asipotufaa kitu.

Tungempa alama zote. Lakini andalio tulikwisha kumrudishia na swali limekatwa, naye akaenda nalo darasani kufundisha watoto.