Motokari ya marehemu: tuitengeneze ao tuiache?

Katika malupango mengi ya Lubumbashi, huko Katuba na Kenya, utaona motokari chini ya muembe, haina magurudumu, imepandishwa juu ya matofali. Ukiuliza watakujibu: «Ni ya marehemu baba, tutaitengeneza.» Inafaa kweli kutia feza katika chuma kama hicho? Na nani alipe?

Wengine wanacheka haraka. Sisi hatucheki. Tuchukue Volkswagen, ile Coccinelle. Mashini yake iko nyuma, inapozwa na upepo. Haina radiateri ya kutoboka wala maji ya kuchemka njiani. Fundi mwenye funguo chache anasafisha karibireta na mabuji, anapanga platine, na inawaka. Motokari za siku hizi zenye usukani wa kuume, zinazopitia Dar es Salaam, kompyuta yake ikikufa fundi wetu anashika kichwa. Coccinelle ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Mwaka uleule wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walianza kuondolewa kwa jina la «kuondoka kwa hiari» (hiari gani, kila mtu anajua), na tunajua waliotia zile franga katika taksi nzee. Taksi inayotembea inajilipia vipande vyake. Hapo hatuna ubishi.

Ubishi ni juu ya ile ya chini ya muembe. Jamaa wanasema: kitu cha baba hakiuzwi, njo desturi. Desturi ipi? Jembe lililokwisha kulika, wazee hawakulitundika ukutani. Lilirudi kwa muhunzi, likaingia motoni, likatoka kisu. Walichochunga ni ufundi, si chuma. Kijana anayejifunza kazi kwa kufungua na kufunga mashini ya baba yake anafuata desturi hiyo kuliko shangazi anayekataza isiguswe.

Tena wenye kukataza mara nyingi ni wale wasiolipa hata buji moja. Analipa mjane. Minervali ya mtoto inapita kwenye garaji, na mtoto anarudishwa toka shule. Sheria ya jamaa ya 1987 iliweka watoto katika kundi la kwanza la warithi. Lakini katika baraza la jamaa, nani amewauliza watoto kama wanataka karibireta ao kalamu?

Kuna jambo moja ambalo hesabu yetu haifikii. Tumeona mama anayepanguza kioo kila juma, na motokari haijawaka miaka kumi. Huyo hatutamuambia auze. Kama mwenyewe anapenda ibaki pale, ibaki, na kuku walale ndani. Lakini basi baba mdogo asije tena kumuomba feza ya batri.