Waliokuwa Bombani

Mwaka juzi nilinyoosha mkono kwenye mkutano mkuu wa kijiji chetu, upande wa Newala, na mpaka leo mkono ule unanisumbua.

Mimi nafundisha jiografia Masasi. Siku ile nilichukua bodaboda alfajiri, tukaiacha milima ya mawe ya Masasi nyuma yetu, tukapanda kuingia uwanda wa Makonde. Ajenda ilikuwa moja tu. Kijiji kilikuwa na pesa za kutosha kufanya jambo moja kati ya mawili: kumalizia boma la zahanati, au kuvuta bomba la maji mpaka kitongoji cha mwisho. Mkutano ulipangwa saa 4 asubuhi, ukaanza saa 5. Tuliongea kwa adabu. Na mimi nilisimama nikaongea, kwa ile sauti ya mwalimu, juu ya wajawazito wanaobebwa usiku kwa pikipiki. Watu walinipigia makofi. Mikono ikahesabiwa, boma likashinda kwa mbali.

Narudi nyumbani, nakutana na mama mdogo njiani, dumu kichwani.

"Mkutano umekwisha, mwanangu?"

"Umekwisha, mama."

"Mmeamua nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, bila ukali wowote, kwamba wao walikuwa bombani tangu saa 11 alfajiri, na maji yalitoka saa 5. Ndipo nilipogundua kwamba nina chupa ya maji mkononi, ile niliyonunua stendi ya Masasi.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, niseme kidogo. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Mvua inanyesha vizuri tu, lakini udongo wa kichanga unaimeza, na maji yanakuja kuchomoza chini kabisa, mabondeni. Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala mjini, unaona bonde la Ruvuma limetandazwa hadi Msumbiji, na unaelewa kwa nini mabibi zetu walikuwa wakishuka mteremko na kuupanda tena na mitungi kichwani. Finland ililipia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maji ya Mitema yanasukumwa kwa pampu kupanda huku juu, na kila pampu inapogoma tunarudi kwenye visima vya mvua vya saruji na kwenye foleni. Kwa hiyo kuulizana nani alikuwepo siku ya mkutano wa maji, kwetu si utani.

Sasa nieleze jinsi nilivyotoka hapo nikafika Uranusi.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha mfumo wa jua Kidato cha Kwanza. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, nani aliamua waende Mirihi?" Nikajibu Wamarekani. Akasema, "Wamarekani wote?" Darasa likacheka, kengele ikaniokoa. Lakini usiku nilianza kusoma, na nilichokikuta kilinikumbusha mkutano wetu kuliko nilivyotaka.

Wanasayansi wa sayari wa Marekani wana desturi ya kukaa kila baada ya miaka kama 10 na kukubaliana nini kitangulie. NASA inaiomba Akademia ya Taifa ya Sayansi iitishe kazi hiyo. Tathmini ya mwisho ilitoka Aprili 2022, chini ya wenyeviti wawili, Robin Canup na Philip Christensen. Kulikuwa na kamati ya uongozi na majopo 6, kila jopo na sehemu yake ya anga. Kabla ya kuandika waliwaita wenzao wote watume hoja zao, zikaja nyaraka zaidi ya 500. Huyu anataka Zuhura, huyu anataka mwezi mdogo wa Zohali uitwao Enceladus, mwingine anataka vimondo. Vikao vikafanyika kwa video kwa sababu ya korona. Mwisho wakasema: chombo kikubwa kipya cha kwanza kiende Uranusi, cha pili Enceladus.

Kilichonivutia ni kile kinachotokea baada ya hapo. Aliyeshindwa anatarajiwa kunyamaza. Ukiwa umetumia miaka 20 kuisoma Zuhura, na Zuhura haikupewa nafasi ya kwanza, huendi kwa mbunge wako kuomba pesa za Zuhura kwa mlango wa nyuma. Unasimama na wenzako na kusema Uranusi. Wanaamini kwamba wakienda Bungeni na sauti 50 hawapati kitu, na wakienda na sauti 1 wanapata. Huo ni utii wa ajabu, nami nauheshimu. Uranusi yenyewe imeusomea: imetembelewa mara 1 tu, na Voyager 2, tarehe 24 Januari 1986, chombo kikapita bila kusimama. Katika orodha ya mwaka 2011 ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilikuwa kukusanya mawe ya Mirihi, ya pili Europa, mwezi wa Mshtarii. Watu wa Uranusi wakasubiri. Na safari yenyewe, ikianza leo, inachukua zaidi ya miaka 10 njiani. Katika waliopiga kura hiyo wamo ambao hawatakiona chombo kikifika.

Halafu foleni nayo ina mambo yake. Europa, aliyekuwa wa pili, chombo chake kiliruka tarehe 14 Oktoba 2024. Mirihi, aliyekuwa wa kwanza, amekwama: roboti Perseverance ilitua Februari 2021 na kujaza mirija ya mawe, lakini mwaka 2023 jopo huru likakadiria kwamba kuileta duniani kungegharimu dola bilioni 8 mpaka 11, na mwaka uliofuata NASA ikatangaza kutafuta njia nafuu zaidi. Mirija 10 imelazwa chini kwenye vumbi la Mirihi, imepangwa mahali pake, inamsubiri wa kuichukua. Niliiangalia ile picha kwenye simu nikacheka peke yangu. Ni madumu yaliyoachwa bombani kushika nafasi.

Swali langu basi ni hili: ni lini uamuzi wa pamoja unanifunga mimi niliyeshindwa? Jibu la haraka ni kwamba unanifunga kama nilipewa nafasi ya kusema. Mwanasayansi wa Zuhura alituma waraka wake, ukasomwa, akashindwa kwa hoja. Anadaiwa utii. Mama mdogo hakutuma chochote. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, hakuna aliyemzuia, tangazo lilibandikwa kwenye mti. Ila maji nayo yalikuwa na ratiba yake. Sasa yeye anadaiwa nini? Nilipoona muhtasari uliopelekwa juu, mstari ulisema wananchi wote waliafiki.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, nilipomsimulia alinitajia *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Unaikumbuka: nchi iliyo angani, inayotuma wajumbe sita kila upande, hata mbinguni na ardhini, wajumbe wanarudi na habari njema na kulipwa kifungo. Sisi shuleni tulifundishwa kuisoma kama kitabu cha wajumbe walioonewa na Karama aliyewatetea. Safari hii niliisoma nikiangalia upande mwingine, nikijiuliza nani waliokaa pale barazani siku wajumbe wanatumwa, na nani walikuwa shambani. Kitabu hakisemi sana. Labda namwonea marehemu, hakuandika kwa ajili ya swali langu.

Lakini barazani kwa wanasayansi wa sayari nako kuna waliokuwa shambani, na mmoja wao ni sisi.

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini magharibi mwa nchi hii, iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Kilichookotwa kilikuwa kama gramu 700, uzito usiofika hata kilo ya sukari. Watu wa Mbozi wana kimondo chao cha tani nyingi, watalii wanakizunguka na kupiga picha; cha Ivuna ungeweza kukitia kwenye kikapu. Ila ndicho chenye thamani zaidi kwa sayansi. Mchanganyiko wa elementi zake unakaribia ule wa Jua lenyewe, ukiacha gesi, kwa hiyo wanasayansi wanavitumia vimondo vya namna yake kama kipimo: ukitaka kujua sayari imepungukiwa au kuzidiwa na nini, unailinganisha navyo. Kundi zima linaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za vumbi la kiasteroidi Ryugu mnamo Desemba 2020, wataalamu walipolipima walisema linafanana na vimondo vya kundi la Ivuna. Kipande kikubwa cha Ivuna kipo London, kwenye makumbusho ya historia ya viumbe na mazingira, kikitunzwa kisiguswe na hewa yetu.

Kwa hiyo jina la kijiji cha Tanzania linatamkwa karibu kila mkutano wa watu hawa, Houston, Paris, Tokyo. Na nikiwauliza walimu wenzangu kumi wa jiografia Ivuna ni nini, tisa wataniuliza iko wilaya gani.

Najua jibu lililo tayari: orodha ile ni ya walipa kodi wa Marekani, pesa zao, foleni yao. Ni kweli, na sitaki kujifanya kwamba Masasi inadai kiti kwenye bajeti ya NASA. Lakini wao wenyewe hawaongei hivyo. Wanaandika juu ya asili ya dunia na ya uhai, na wanaposema "sisi" wanatutia na sisi ndani. Hapo ndipo ninapomsikia yule binti wa Kidato cha Kwanza. Wote?

Haki iwe kwao pia: wanalijua tatizo. Tathmini ya 2022 ilitenga sura nzima kuangalia hali ya taaluma yenyewe, nani ameingia na nani amebaki nje. Agosti 2024 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika tangu ulipoanzishwa mwaka 1919. Mwaka 2018 wanaastronomia wa Senegal walishika darubini pamoja na Wamarekani usiku wa Agosti, kupima kivuli cha jiwe la mbali ambalo chombo New Horizons kilikuwa kinaliendea. Hawakualikwa kwa huruma. Kivuli kilipita kwao.

Na wana jambo moja ambalo sisi kijijini hatuna. Walioshindwa wameandikwa. Ukifungua ile ripoti, mamia ya kurasa, unakuta safari zilizofikiriwa na kuachwa, na sababu zake. Mtafiti kijana mwaka 2032 ataokota wazo lililoachwa na kulirudisha mezani, kama Uranusi ilivyorudi. Nimefikia kuamini kwamba hicho ndicho kinachomfanya aliyeshindwa aweze kusubiri bila kudhalilika. Orodha inayosema "wote waliafiki" imemfuta, na mtu aliyefutwa hawezi hata kuwa mtiifu, maana hayupo.

Nilimwendea mtendaji. Nikamwomba aongeze mstari mmoja kwenye muhtasari: kwamba wakazi wa kitongoji cha mwisho, wengi wao wanawake, hawakuwepo kwa sababu walikuwa bombani, na kwamba hoja ya bomba imeahirishwa, haijakataliwa. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu wa mjini.

"Mwalimu, muhtasari ulishakwenda wilayani."

"Basi tuuandike kwenye ujao."

"Hilo sawa. Ila wewe uliunga mkono zahanati, si ndiyo? Nimekuandika."

Niliunga mkono, na hapa lazima niseme ukweli: ningeulizwa tena leo, huenda ningenyoosha mkono uleule. Wajawazito wale wapo. Boma limeezekwa, muuguzi amekuja, na mama mdogo mwenyewe alipelekwa pale mwezi wa tatu na homa, akapata dawa. Sijui nilimkosea kwa nilichochagua au kwa kuchagua bila yeye. Nikijaribu kumweleza, anasema niache maneno mengi nimsaidie kushusha dumu.

Mkutano unaofuata umetangazwa. Wameusogeza, sasa ni saa 10 jioni, ili watu wa bombani wawahi. Nilimpigia mama mdogo kumpa habari, nikidhani nampelekea zawadi. Akauliza saa ngapi, nikarudia. Akasema saa 10 ndipo wanapoinjika ugali, ila atajaribu.