Ufa wa Dashibodi na Uaminifu wa Kiraka

Methali yasema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapana shaka methali hii ni ya kweli katika nyumba na katika tabia. Walakini kuna ufa usioangusha ukuta wowote. Dashibodi ya gari la zamani ikipasuka, breki hazilegei, taa hazizimiki, wala safari haikatiki. Ufa hukaa mbele ya macho ya dereva kila aendapo, na kumwuliza maswali mawili. Je, kitu kisichozuia safari kina haki juu ya fedha chache za mtu mwenye haja nyingi? Na kama kina haki hiyo, kukifunika ni kukitengeneza, au ni kudanganya?

Yafaa kwanza kujua kinachopasuka ni nini. Asili ya dashibodi ni ubao uliowekwa mbele ya magari ya farasi ili kuzuia matope yaliyorushwa na kwato. Farasi aliondoka, injini ikaja, lakini ubao ulibaki, ukawa mahali pa saa za mwendo na za mafuta. Katika magari mengi ya zamani ulikuwa bati gumu, na ajali ilipotokea abiria alilipiga kwa kichwa chake. Ndipo waundaji walipouvika sponji, na juu ya sponji ngozi ya plastiki. Na katika Marekani kanuni ya usalama iliyoanza kutumika mwaka 1968 ilidai kwamba sehemu za ndani ya gari zipunguze nguvu za pigo kama hilo. Basi kinachopasuka si pambo tu: ni vazi lililovishwa chuma kwa ajili ya kumhurumia binadamu.

Adui wa vazi hilo ni jua. Ulaini wa plastiki ile si wa asili, bali umetiwa kwa dawa za kulainisha. Gari likiachwa juani na vioo vimefungwa, dawa hizo hutoka kidogo kidogo kama mvuke, na nyingine huganda ndani ya kioo cha mbele mfano wa ukungu. Ngozi hukauka, hunywea, kisha hupasuka, aghalabu kando ya matundu ya hewa. Hata Peugeot 504, gari lililotokea mwaka 1968 na kusifiwa katika Afrika kwa kustahimili barabara mbovu, halikusalimika na maradhi haya.

Dawa ziko za namna nyingi. Tajiri hununua dashibodi nyingine, akalipa na ujira wa kufungua usukani, saa na nyaya. Mwenye kiasi hubandika juu yake kifuniko cha plastiki kilichoundwa kwa umbo lile lile. Mwenye fedha chache hujaza ufa, akapiga msasa na rangi, au hutandika kitambaa. Mtu wa namna hii akitengeneza uzuri kwa fedha ya breki au ya tairi, amepotea. Lakini haja hizo zikiisha kutimizwa, hana sababu ya kuona haya kutafuta uzuri. Ufukara haukumwandikia mtu kuishi na ubovu. Na anayekitunza kitu chake kikuukuu hujifunza kujitunza nafsi yake.

Kazi yenyewe ina fundisho. Fundi ajuaye haupaki ufa kijazo juu juu. Huosha kwanza mafuta yote ya kung'arishia, maana kijazo hakishiki penye mafuta. Kisha hukata kingo za ufa ili upanuke, ndipo aujaze. Tena huchagua kijazo kinachonyumbuka, kwa kuwa ngozi hutanuka na kunywea kwa joto, na kiraka kigumu katika mwili laini hupasuka upya. Ufa usiofunuliwa hauzibiki.

Sasa lije swali la uaminifu. Kitambaa juu ya dashibodi si uongo, kama kiraka cha kanzu kisivyo uongo: mwenye gari aujua ufa wake, wala hamdai mtu chochote. Uongo huzaliwa siku ya kuuza. Mnunuzi aonapo dashibodi safi hudhani kwamba gari lililala kivulini na kutumika kidogo, naye hupima bei kwa dhana hiyo. Muuzaji husema, "Hakuniuliza." Jawabu hili ni dhaifu, kwani aliyefunika ndiye aliyemnyima mwenziwe sababu ya kuuliza. Kifuniko kilichokuwa stara jana kimekuwa shahidi wa uongo leo, ingawa hakikubadilika hata kidogo.

Jambo zito kuliko bei ni uhai. Magari ya miaka ya karibuni yana mfuko wa hewa ndani ya dashibodi, mbele ya abiria, unaofumuka kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde wakati wa ajali. Anayebandika kifuniko au kushona ngozi juu ya mlango wa mfuko huo ameziba ufa kwa macho na kufungua kaburi kwa abiria. Hapo unyofu wa nia haumwokoi mtu.

Basi kiraka kina masharti mawili: kisimzibe mwingine macho katika haki yake, wala kisimzibie njia ya uhai. Kikitimiza hayo, hata cha kitambaa cha bei ndogo ni matengenezo ya kweli. Kikiyakosa, hata dashibodi iliyong'aa kama mpya ina ufa.